Kuongoza Bendi ya Blues Tabora: Hesabu za Mpiga Solo

Wapiga solo Tabora hawajawahi kuadimika. Mji ulioilea Kiko Kids ya Salim Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz hauwezi kukosa vidole. Anayeadimika ni mpiga solo anayeweza kusimama mbele ya wenzake wanne akijua wako kipimo cha ngapi, mafuta ya jenereta yamebaki kiasi gani, na kila mmoja ataondoka na shilingi ngapi. Blues, muziki wa Wamarekani weusi, humuumbua mapema asiyejua hesabu hizo, kwa sababu kibao kizima kinasimama juu ya mzunguko mmoja mfupi. Aliyepotea hana kichaka cha kujifichia.

Mwongozo huu unamhusu mpiga gitaa ambaye kodi zake anazijua (za gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja; zile za TRA ni somo jingine) na sasa anataka bendi yake. Bendi zetu za zamani ziliandika "Jazz" kwenye ngoma zao huku zikipiga rumba na dansi, na hakuna aliyewashitaki. Nanyi andikeni "Blues" kwenye bango bila woga, hata kama nusu ya vibao vyenu ni dansi. Kwa hapa kwetu itabidi iwe hivyo.

Vipimo 12, wala si 8

Kipimo kimoja kina mapigo manne. Wengine huita "baa", ila neno hilo likitajwa kazini kuna watakaoelekea kaunta. Mzunguko wa kawaida katika kii ya A, yaani A ndiyo nyumbani, ni huu, kila kodi ikikaa kipimo kimoja:

A7 – A7 – A7 – A7
D7 – D7 – A7 – A7
E7 – D7 – A7 – E7

Kosa la kwanza la kila bendi iliyokulia kwenye dansi hutokea kipimo cha 9. Mwili umezoea sebene inayorudi nyumbani kila baada ya vipimo vinne au vinane, kwa hiyo kipimo cha nane kikiisha mpiga besi anarudi mwanzo wakati wenzake wanakwenda E7. Dawa yake haimo kwenye vyombo. Wekeni magitaa chini kwa dakika kumi, pigeni makofi na kuhesabu kwa sauti, namba ya kwanza ikiwa ni ya kipimo: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, hadi kumi na mbili-mbili-tatu-nne. Kisha besi peke yake aingie, wengine wakiendelea kuhesabu. Kisha drams. Kiongozi awe wa mwisho kuingia. Siku nne za namna hii zinaokoa miezi minne ya kutazamana jukwaani.

Kosa la pili ni kipimo cha 12. Ile E7 ya mwisho ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba tunazunguka tena. Anayebaki A7 anafunga mlango ambao mwenzake anaufungua. Mkitaka kumaliza kibao, hapo ndipo mnabaki A7, na ishara lazima iwe imetoka mapema. Tutafika kwenye ishara.

Kuna namna nyingine ya kawaida, kipimo cha 2 kwenda D7 kisha kurudi A7. Amueni kibao kwa kibao na muandike, kwa sababu mmoja akienda na mwingine akabaki, kelele inayotoka hapo haina jina.

Mwendo wenyewe, ule wa kuyumba, unatokana na kugawa kila pigo vipande vitatu na kupiga cha kwanza na cha tatu. Ngoma zetu nyingi hugawa pigo vitatu, hivyo aliyekulia karibu na ngoma haelezwi mara mbili. Tatizo huwa mpiga drams aliyejifunza kwa mashine ya kinanda: sahani zake zinakwenda sawasawa, mbili kwa kila pigo, huku rithim ikiyumba. Mwambie aimbe "ta-a-ta, ta-a-ta" kwa mdomo kabla ya kushika vijiti. Kibao cha kuchezeka kiende mapigo 110 hadi 130 kwa dakika. Cha taratibu kiende kati ya 55 na 65, kikiwa na vipande 12 ndani ya kila kipimo. Wengi huanza cha taratibu kwa 60 na kukimaliza kwa 80 bila kujua, hasa watu wakianza kupiga vigelegele. Programu ya kuhesabia mapigo ipo bure kwenye simu. Ianze, izime sauti katikati ya kibao, iwashe tena mwishoni uone mmekimbilia wapi.

Nani apige nini

Besi atembee, noti moja kila pigo. Juu ya A7 kwa vipimo viwili: A, C#, E, F#, G, F#, E, C#. Umbo hilohilo alihamishie D na E. Asiongeze madoido mpaka aweze kulipiga dakika kumi bila kukosea.

Rithim apige nyuzi mbili tu: uzi wa tano (tukihesabu kutoka ule mwembamba) ukiwa mtupu, pamoja na uzi wa nne freti ya 2, mapigo mawili, halafu kidole kiende freti ya 4, mapigo mawili, kirudi. Kiganja cha kulia kilale kidogo juu ya daraja la gitaa ili sauti izibe. Hapa wapiga rithim wa dansi hulalamika kwamba kazi imekuwa ndogo. Ni kweli imekuwa ndogo. Katika dansi, solo, sekondi solo na rithim hufumana kama mkeka. Kwenye blues mkeka huo ukifumwa mwimbaji hana mahali pa kukaa.

Kiongozi anayeimba na kupiga solo ana mfano mzuri wa kuangalia. B.B. King wa Mississippi hakuwa akipiga kodi huku akiimba. Aliimba mstari, akanyamaza, gitaa lake Lucille likamjibu. Bendi ndiyo iliyobeba kodi. Aliishi kwa utaratibu huo maisha yake yote ya jukwaani, na mwaka 1956 pekee alifanya maonyesho 342. Mwaka 1974 alifika Kinshasa kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la ngumi la Ali na Foreman, ng'ambo ya ziwa na mbele kabisa huko.

Ukitaka eneo lake la shingo katika kii ya A, weka kidole cha shahada uzi wa pili freti ya 10. Hiyo ni A. Freti ya 12 ya uzi huohuo ni B: ivute nusu hatua upate C, hatua nzima upate C#. Uzi wa kwanza freti ya 10 ni D, ukiivuta hatua nzima unapata E. Uzi wa tatu freti ya 11 ni F#. Noti hizo zinatosha mizunguko mitatu kwa mtu anayejua kunyamaza. Ukishuka freti ya 5 kwenye ngazi ya A, C, D, E, G, ile C ya uzi wa tatu freti ya 5 usiiache ilivyo. Isukume kidogo sana, isifike C#. Katikati hapo, mahali ambapo kinanda hakina kitufe, ndipo blues inapokaa.

Kuvuta uzi hakufanywi na kidole kimoja. Kidole cha tatu kibonyeze, cha pili na cha kwanza visaidie nyuma yake, na nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, kama unayefungua mlango kwa ufunguo mgumu. Hakikisha umefika: piga kwanza noti unayoilenga kwenye freti yake, halafu vuta uifuate. Uzi uliovutwa nusu njia kila mara ni ugonjwa ambao mwenye nao huwa wa mwisho kuusikia.

Kama mna saksafoni, msichague kii kwa kutazama gitaa peke yake. A kwa mpiga gitaa ni B kwa tena saksafoni na F# kwa alto, yenye diyezi (alama za kupandisha noti nusu hatua) tano na sita. Hata fundi atakunja uso. Pigeni G au C. Katika C, tena anasoma D na alto anasoma A, wote wanapumua.

Maneno ya Kiswahili ndani ya mzunguko

Ubeti wa blues una mistari mitatu: wa kwanza, wa kwanza tena, kisha jibu. Kila mstari una vipimo vinne, viwili vya sauti na viwili vya gitaa. Kwa mtu aliyezoea mizani, hili ni shamba lenye rutuba:

Gari moshi limepita, mie bado nimelala
Gari moshi limepita, mie bado nimelala
Tiketi i mkononi, na safari imelala

Mizani 8 kwa 8, kama shairi la kawaida. Lakini angalia mwendo. Kwenye kibao cha taratibu vipimo viwili vina vipande 24, kwa hiyo mizani 16 zinakaa na nafasi ya kuvuta pumzi inabaki. Kwenye kibao cha kasi kipande cha katikati cha kila pigo hakiimbwi, hivyo mizani 16 zinajaza nafasi yote, mwimbaji anatapika maneno na gitaa linakosa pa kuingilia. Huko tumia mizani 8 tu kwa mstari.

Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo ndiyo iangukie pigo zito: lime-PI-ta, nime-LA-la. Waimbaji wanaoiga Wamarekani huvuta silabi ya mwisho, "limepi-TAAA", na ghafla Mnyamwezi anasikika kama mtalii. Vuta "pi", "ta" iache ianguke.

Gitaa na hewa ya Tabora

Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ya hapa ni kavu. Mbao hunywea, shingo hubadilika, na ncha za freti huanza kukwaruza kiganja. Gitaa kavu, lile lisilo la umeme, likae ndani ya kasha lake pamoja na sponji lililolowekwa na kukamuliwa, ndani ya kijaluba cha sabuni chenye matundu. Ongeza maji mara mbili kwa wiki. Mvua zikianza Novemba, litoe. Gitaa halikai kwenye buti la gari saa nane mchana mwezi wa kumi. Gundi ya daraja hulainika na daraja huinuka.

Nyuzi: nunua seti ya 10, yaani uzi mwembamba wa inchi 0.010 na mnene wa 0.046. Seti ya 9 huvutika kirahisi ila mpigaji mwenye mkono mzito huikata. Ya 11 waachie wenye vidole vya chuma. Weka akiba seti mbili kamili na nyingine tano za uzi wa kwanza pembeni, kwa sababu huo ndio hukatika, na hukatika Jumamosi usiku wakati maduka yamefungwa.

Urefu wa nyuzi kutoka juu ya freti ya 12 uwe milimita 1.6 hadi 1.8 uzi wa kwanza, na 2.0 uzi wa sita. Chini ya hapo uzi ukivutwa hugusa freti ya mbele na kufa. Kupima shingo, bonyeza uzi wa sita freti ya 1 na freti ya mwisho kwa pamoja, halafu tazama nafasi kwenye freti ya 7: iwe kama robo milimita, unene wa kadi nyembamba ya karatasi. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, usubiri hadi kesho, upime tena. Anayekaza mzunguko mzima kwa siku moja hununua shingo mpya.

Mwisho, linganisha sauti ya freti ya 12 ukiugusa uzi tu bila kubonyeza na sauti ya kubonyeza. Kubonyeza kukiwa juu, rudisha kigati cha daraja (kile kinachobeba uzi) nyuma, uzi urefuke. Kukiwa chini, sogeza mbele. Fanya hivyo na nyuzi mpya. Uzi uliochakaa hauwezi kupimika.

Umeme, mahali wanamuziki hufia

Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Ampu (kikuza sauti) ya mtumba iliyotoka Marekani inataka 120. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, na kama ni ya 120 tafuta transfoma ya kushusha yenye uwezo wa mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa.

Usikate pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mngurumo. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ya ampu; chuma cha maiki kimeunganishwa na ethi ya miksa. Ethi hizo zikiachana, umeme hupita kutoka mikononi kwenda mdomoni kupitia kifua. Kabla ya kuimba, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma zaidi ya volti mbili tatu, hakuna kuimba mpaka fundi apate sababu. Mara nyingi dawa ni kuchomeka ampu zote na miksa kwenye soketi ya ukuta mmoja.

Jenereta ihesabiwe kwa karatasi. Mfano: spika mbili zenye ampu ndani, wati 500 kila moja, ni 1,000. Besi 300. Ampu mbili za gitaa 200. Kinanda na miksa 100. Taa za LED 200. Jumla 1,800. Jenereta ya kVA 3.5 hutoa takribani wati 2,800, kwa hiyo ina nafasi. Ya kVA 2 hutoa kama 1,600, na itazima kwenye kibao cha kwanza chenye dramu kubwa. Dalili ya kuzidiwa ni taa kufifia kila mguu wa drams unapopiga. Iweke mita 20 au zaidi kutoka jukwaani, moshi ukielekea upande upepo unakokwenda, na waya wa kuleta umeme uwe wa milimita za mraba 2.5. Waya mwembamba wa mita 30 hula volti na kupata moto. Mafuta ni kama lita moja hadi moja na nusu kwa saa ikiwa na mzigo wa nusu. Beba ya saa mbili zaidi ya mnazotarajia, maana harusi hazina saa.

Unapowasha, anza na miksa, spika ziwe za mwisho. Unapozima, spika kwanza. Ule mlipuko wa "tubu!" watu wanaoucheka ni koni za spika zinazopasuka. Na ampu ya besi iliyoandikwa omu 8 haivumilii spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba, maana hizo ni omu 4. Itapiga vizuri saa moja, halafu inanuka.

Watu

Watano wanatosha: solo na sauti, rithim au kinanda, besi, drams, saksafoni. Bendi ya watu 15 inavutia kwenye picha na inalia njaa kwenye mgao. Mazoezi yawe mara tatu kwa wiki, saa mbili, kukiwa na vibao viwili vipya kila wiki. Baada ya wiki 12 mna vibao 24. Onyesho la awamu tatu za dakika 45 hula vibao vinane kila awamu, kwa hiyo hapo ndipo mnaweza kujiuza bila kurudia.

Ishara ziwe chache na zionekane gizani. Ngumi juu: tunafunga mzunguko huu. Kidole kikizunguka: mara moja tena. Kiganja chini: punguzeni. Kumkazia mtu macho: solo yako mzunguko unaofuata. Ishara itoke kipimo cha 9, pale E7 inapoingia, ili wote wawe na vipimo vitatu vya kujiandaa. Ishara ya kipimo cha 12 ni ugomvi.

Kuhusu nidhamu, Wamarekani wametuachia mifano miwili. James Brown alijulikana kwa kuwatoza wanamuziki wake faini kwa noti iliyokosewa na viatu visivyong'aa, na mwaka 1970 sehemu kubwa ya bendi yake ilimwacha kwa sababu ya malipo. Howlin' Wolf wa Chicago alikuwa mkali pia, ila alilipa kwa wakati na kuwachangia wanamuziki wake bima ya ukosefu wa kazi na hifadhi ya jamii, jambo ambalo wenye bendi wengi wa wakati wake hawakulifikiria. Faini ya kuchelewa iwepo, lakini iingie mfuko wa nyuzi, isiingie mfukoni mwa kiongozi.

Kazi na mgao

Mwaka wa bendi Tabora hauanzi Januari. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa baada ya mvua, Urambo, Kaliua na Sikonge hupata fedha, ila fedha haiji siku ya soko. Uliza chama cha msingi kama malipo yametoka ndipo upange tarehe. Bango la wiki mbili kabla ya malipo huvuta watazamaji wa dirishani. Mwezi wa Ramadhani na wakati wa Kwaresma kazi hupungua sana, tumieni kurekodi na kutengeneza vyombo, kisha Idd na Pasaka ziwakute tayari. Mkienda Kigoma, pangeni Urambo, Kaliua na Uvinza kwa mstari mmoja badala ya kurudi nyumbani kila mara. Ujiji na Kibirizi tazameni mwezi: wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa hupumzika. Hapo ndipo wako mjini na fedha ipo. Ila ulizeni kwanza kama ziwa halijafungwa kwa uvuvi.

Watu wamekuja kucheza. Anza na dansi tatu wanazozijua, ingiza blues ya kasi, na ile ya taratibu iwe ya tano au ya sita, wakati miguu inaomba mapumziko. Blues mbili za taratibu zikifuatana, ukumbi unahamia nje.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, nani analeta umeme, nani analisha, mvua ikinyesha inakuwaje, na saa ya ziada ni shilingi ngapi. Nusu ya malipo ilipwe siku ya kusaini, nusu kabla ya awamu ya pili. Aliyeahidi "mwisho wa shughuli" hupatikana kwa shida saa tisa usiku. Bendi isajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na kwa kibali cha onyesho na muda wa kelele onana mapema na afisa utamaduni wa halmashauri husika.

Mgao, kwa tarakimu za mfano. Kazi ni sh. 800,000. Gari 120,000, mafuta ya jenereta 40,000, fundi mitambo 60,000, chakula 50,000: jumla 270,000. Inabaki 530,000. Toa asilimia 10 ya malipo yote, yaani 80,000, iingie mfuko wa vyombo. Inabaki 450,000. Gawa mafungu sita: wanamuziki wanne fungu moja moja, 75,000 kila mmoja, kiongozi mafungu mawili, 150,000, kwa kuwa anatafuta kazi, anatunga na anabeba deni kazi ikiharibika. Karatasi ya hesabu isomwe mbele ya wote usiku huohuo. Bendi nyingi huvunjika mafungu yakiwa ya haki, kwa sababu hakuna aliyeonyeshwa bei ya gari.

Tuzo nazo zina sheria. Noti inayobandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji ni ya nani? Kama hamjaamua kabla, mpiga besi ataamua moyoni. Njia inayodumu ni sanduku moja na mgao sawa, bila fungu la ziada la kiongozi.

Nyimbo zenu zisajiliwe COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, kabla hazijasambaa, na fomu iseme wazi nani aliandika maneno na nani alitunga melodia. Haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mnaandikia hata wajukuu. Mzunguko wenyewe wa vipimo 12 hauna mwenyewe, msihangaike kuusajili.

Baada ya onyesho vyombo vihesabiwe chini ya taa, si ndani ya gari. Kila waya uwe na utepe wa rangi ya bendi na namba, na daftari liseme zimetoka ngapi. Mtu mmoja asome, mwingine ashike. Kama zilitoka waya 14 na zimerudi 13, dereva asiwashe gari mpaka ya 14 ionekane. Mara nyingi iko chini ya zulia la drams.